MBA ya mwaka mmoja au ya miaka miwili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaobadili fani

Maswali haya ni ya watu wanaotaka kuacha kazi waliyoizoea, wakiwemo walimu, wahandisi, wauguzi, wanasheria na wanajeshi waliostaafu mapema, na kuingia kwenye biashara kwa kupitia darasani, yaani kwa MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Karibu wote huanza kwa kuuliza muda na ada. Ni haki yao. Lakini majibu mengi yatakurudisha kwenye swali moja: utaifanya wapi hiyo kazi mpya kabla hujaenda kuiomba?

## Mambo ya msingi

1. MBA fupi na MBA ndefu zinatofautiana nini hasa?

Fupi huchukua miezi 10 hadi 12. Ndefu huchukua miezi 20 au 21 hivi, na katikati yake kuna likizo kubwa. Masomo ya msingi ni yaleyale: uhasibu, fedha, masoko, uendeshaji, takwimu, uongozi na mkakati. Anayesoma miaka miwili hafundishwi uhasibu mara mbili. Anachoongezewa ni masomo mengi zaidi ya kuchagua, nafasi ya kupumua, na hiyo likizo ya katikati ambayo wanafunzi huitumia kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni kwa wiki 10 hadi 12. Kwa anayebadili fani, likizo hiyo ina uzito kuliko masomo yote ya kuchagua yakijumlishwa. Sababu ziko kwenye swali la 6.

2. Kwa nini kuna aina mbili?

Kwa sababu zilizaliwa kwa mahitaji tofauti. Ndefu ina asili ya Marekani. Tuck, shule iliyo ndani ya Chuo cha Dartmouth, ilianza mwaka 1900 kufundisha usimamizi wa biashara katika ngazi ya uzamili, na Harvard ikaanza kutoa shahada yenye jina la MBA mwaka 1908. Wanafunzi wengi wa enzi hizo walikuwa vijana waliotoka chuoni moja kwa moja, kwa hiyo miaka miwili haikuonekana mingi.

Fupi ilishika mizizi Ulaya. INSEAD, shule ya biashara, ilianzishwa mwaka 1957 na kupokea darasa lake la kwanza Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1959, kwa mpango wa mwaka mmoja. Leo Oxford na Cambridge nchini Uingereza, na IMD huko Lausanne, Uswisi, nazo zina MBA za mwaka mmoja. Programu hizi humchukulia mwanafunzi kuwa mtu aliyekwisha kufanya kazi, anayejua anakotaka kwenda. Likumbuke hilo la mwisho, maana ndilo linalowakwaza wengi.

3. Je, cheti cha mwaka mmoja kina hadhi ndogo?

Kwa waajiri wengi, hapana. Cheti kimeandikwa MBA, na wao wanaangalia jina la chuo na ulichokifanya. Vyombo vitatu vya ithibati vinavyotambulika zaidi duniani, yaani AACSB, AMBA na EQUIS, huzipitisha programu za aina zote mbili. Angalia ithibati kwanza, idadi ya miezi baadaye.

Tahadhari iko kwa wanaofikiria shahada ya uzamivu, au ajira kwenye taasisi inayohesabu kredi, yaani vipimo vya kiasi cha masomo. Katika mfumo wa Ulaya, shahada ya uzamili huwa na kredi 60 hadi 120, na baadhi ya vyuo havimpokei kwa uzamivu mwenye 60. Kama hiyo ndiyo njia yako, uliza kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

4. Na kama sihitaji MBA kabisa?

Inawezekana sana, na nawasihi watu wajiulize hili mapema. Ukishajua kazi yenyewe kwa jina lake (mchambuzi wa takwimu, mkaguzi wa hesabu, ofisa ugavi), shahada ya uzamili ya fani hiyo au mitihani ya kitaaluma inaweza kukufikisha kwa gharama ndogo zaidi. Mtu wa uchambuzi wa uwekezaji, kwa mfano, anaweza kufanya mitihani ya CFA, yenye hatua 3, huku akiendelea na kazi yake. MBA inafaa zaidi pale unapohitaji kuelewa biashara kwa upana na kupata mlango wa waajiri wanaokuja chuoni kuajiri.

## Kupima ukubwa wa badiliko lako

5. Nabadili fani. Nichague ipi?

Hesabu unabadili vitu vingapi kati ya hivi vitatu: kazi unayoifanya, sekta unayoifanyia, na nchi utakayoifanyia.

Ukibadili kimoja, fupi kwa kawaida inatosha. Mhandisi wa mitambo anayetaka kusimamia uendeshaji kwenye kiwanda kilekile, au muuguzi anayetaka kuingia utawala wa hospitali, anabeba ujuzi ambao mwajiri anauona kwa macho. Anachokosa ni lugha ya fedha na usimamizi, na hiyo hujifunzwa ndani ya mwaka.

Ukibadili viwili, jibu linategemea umejiandaa kiasi gani kabla ya kuanza. Ukibadili vyote vitatu, mwalimu anayetaka kwenda benki ya uwekezaji kwenye nchi ngeni, mimi ningeelekea kwenye miaka miwili isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kutofanya hivyo. Wapo waliofanikiwa kubadili vyote kwa mwaka mmoja. Ukiwauliza vizuri utakuta wengi walikuwa na kitu mkononi tangu mwanzo: ndugu kwenye sekta, mradi wa pembeni, lugha ya pale, au mwajiri aliyekuwa anawasubiri.

6. Kwa nini mafunzo kwa vitendo yana uzito kiasi hicho?

Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili lililokuwa na wasifu wa watu wawili mezani. Wote walikuwa walimu wa hisabati wa sekondari, wote wenye MBA na alama nzuri. Wa kwanza aliandika kwamba ana ari ya kujifunza masoko na amesoma masomo manne ya masoko. Wa pili alikuwa na mistari mitatu tu: wiki 10 kwenye kampuni ya vyakula, alipitia bei za bidhaa 40, akapendekeza 6 ziondolewe sokoni, 4 zikaondolewa. Tulimuuliza zile 2 zilibaki kwa nini. Akaeleza kwamba maduka makubwa yalikuwa yanazitaka ili yaendelee kununua zile nyingine. Kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za ualimu.

Wa kwanza hakuwa na akili pungufu. Alikosa mahali pa kuonyesha tu. Waajiri wakubwa wengi hutumia mafunzo hayo kama usaili mrefu, na wakiridhika hutoa ofa ya ajira ya kudumu kabla mwaka wa pili haujaisha. Benki za uwekezaji hasa hujaza nafasi zao nyingi kwa njia hiyo, kwa hiyo anayefika bila kupitia hapo anagombania zilizobaki.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: wiki hizo 10 zinaweza kukuonyesha kwamba kazi uliyoiota huipendi. Mwenye miaka miwili ana mwaka mzima wa kurekebisha njia. Mwenye mwaka mmoja huligundua hilo akiwa ameshaajiriwa.

7. Kalenda ya kutafuta kazi ikoje kwa kila moja?

Chukua watu wawili wanaoanza Septemba.

Yule wa miaka miwili anafika, na ndani ya wiki chache kampuni za ushauri wa biashara na benki zinaanza kuja kujitambulisha. Kati ya Novemba na Januari anaandika maombi, mapema mwaka unaofuata anafanya usaili, na kufikia Juni yuko kazini kwa mafunzo. Akikosea usaili wa kwanza, anaomba ushauri ofisi ya ajira, anafanya mazoezi na wenzake, anarudi. Anachogombania ni nafasi ya wiki 10, na mwajiri hamwogopi mgeni wa wiki 10.

Yule wa mwaka mmoja anafika wiki ileile, anakutana na kampuni zilezile, ila anaomba ajira ya kudumu. Wiki ya tatu anaulizwa wasifu wake wa mwisho uko wapi wakati hata mizania ya hesabu hajaisoma sawasawa. Wasifu anaoutuma ni ule aliokuja nao. Ndiyo maana nasema MBA fupi huanza miezi 6 kabla ya siku ya kwanza darasani: kuzungumza na watu walio kwenye kazi unayoitaka, kuandika upya wasifu, kufanya mazoezi ya usaili. Anayengoja afike chuoni ndipo aanze, amechelewa.

8. Sijawahi kusoma biashara. Nitamudu kasi ya mwaka mmoja?

Utamudu ukijiandaa. Somo linalowachosha wageni ni uhasibu, kwa sababu lina msamiati wake na halikusubiri. Kabla ya kuanza, hakikisha unaweza kusoma mizania, taarifa ya mapato na taarifa ya mtiririko wa fedha za kampuni halisi, na kueleza kwa maneno yako kwa nini kampuni yenye faida inaweza kuishiwa pesa taslimu. Ongeza takwimu za msingi na uzoefu wa kutumia lahajedwali bila kushika kipanya kila mara. Miezi mitatu ya jioni inatosha.

Kwenye miaka miwili kasi hiyo ipo vilevile, ila ni ya muhula wa kwanza tu.

## Pesa na muda

9. Fupi ni nafuu zaidi, sivyo?

Kwa matumizi, ndiyo, na kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Tufanye hesabu ya mfano. Mshahara wako wa sasa kwa mwaka uuite 100. Baada ya MBA fupi utapata 130. Ada ya fupi iwe 90, na ya ndefu kwa miaka yote iwe 150.

Fupi inakugharimu 190: mshahara uliouacha, 100, na ada, 90. Ndefu inakugharimu ada 150, mshahara wa mwaka wa kwanza 100, na mwaka wa pili wengi huuhesabu kwa 100 tena. Hapo ndipo wanapokosea. Mwaka wa pili ungekuwa kazini kwa mshahara mpya, kwa hiyo unapoteza 130. Jumla 380. Ondoa malipo ya mafunzo kwa vitendo, tuseme 30, inabaki 350. Tofauti ni 160.

Sasa geuza upande wa pili. Mhitimu wa fupi akikaa miezi 6 bila kazi kwa kuwa wasifu wake haujabadilika, anapoteza 65, na tofauti inashuka hadi 95. Na kama ndefu ingempeleka kwenye kazi ya 170 badala ya 130, pengo hilo la 95 linazibwa kwa muda usiofika miaka miwili na nusu. Asiyekaa bila kazi wala kupata nyongeza yoyote kwa kusoma zaidi, yeye ametupa 160 bure. Weka namba zako mwenyewe, na uwe mkweli kwenye ile miezi ya kutafuta kazi.

10. Ufadhili wa masomo na mikopo vinabadilisha jibu?

Vinabadilisha, lakini angalia ufadhili ni wa nini. Nusu ya ada kwa miaka miwili bado haikulishi wala kukulipia pango kwa mwaka wa pili. Kwa mkopo, uliza riba inaanza kuhesabika lini: siku unapopokea fedha au siku unapohitimu. Kwenye programu ndefu tofauti hiyo ni kubwa.

11. Nina miaka 38. Nimechelewa kwa ile ndefu?

Hakuna sheria ya umri. Hata hivyo, madarasa ya miaka miwili huwa na watu wengi wa miaka 27 hadi 29, na mafunzo kwa vitendo yamepangwa kwa ajili yao. Baadhi ya waajiri watasita kumweka mtu wa miaka 38 kwenye nafasi ya kuanzia, na wewe mwenyewe huenda ukasita kuwa chini ya msimamizi aliye mdogo kwako kwa miaka 10. Madarasa ya mwaka mmoja kwa kawaida yana watu wenye uzoefu mrefu zaidi, na thamani yako ni huo uzoefu. Katika umri huu, badili kitu kimoja kwanza (swali la 5), kingine utakibadili ukiwa ndani.

12. Nina familia. Niwafikirieje kwenye uamuzi huu?

Mwaka mmoja familia inaweza kuuvumilia kama safari: mwenzi akabaki kazini, watoto wakabaki shule yao. Miaka miwili ni kuhama. Kaeni mjadiliane kuhusu hilo kabla ya kuomba, si baada ya kukubaliwa, kwa sababu barua ya kukubaliwa ikishafika hakuna anayesikiliza vizuri tena.

## Hali za pembeni

13. Vipi programu za miezi 15 hadi 18?

Zimejengwa kwa ajili ya watu kama ninyi, na hazitajwi vya kutosha. HEC Paris ina MBA ya miezi 16, na London Business School humruhusu mwanafunzi kumaliza kati ya miezi 15 na 21. Nyingi zinaacha nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kwa INSEAD, wanaoanza Januari wana mapumziko ya katikati ya mwaka yanayowaruhusu kufanya mafunzo mafupi, nafasi ambayo wanaoanza katikati ya mwaka hawana.

Usidanganywe na idadi ya miezi pekee, lakini. Columbia ina mkondo wa Januari wa miezi 16 ambao unatumia majira ya joto kwa masomo, bila mafunzo kwa vitendo. Umekusudiwa wanaorudi kwenye sekta yao au wanaoanzisha biashara. Uliza likizo iko wapi.

14. Nina shahada ya kwanza ya biashara lakini nimefanya kazi isiyohusiana. Je?

Vyuo kadhaa vya Marekani vina mkondo uliofupishwa kwa watu walioyasoma masomo ya msingi. Kellogg, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, ni mfano. Unaruka masomo ya mwanzo na kuungana na wa mwaka wa pili. Kumbuka kwamba wenzako hao wametoka kwenye mafunzo kwa vitendo na wewe hujatoka.

15. Je, nisome jioni au wikendi huku nafanya kazi?

Njia hii ni ya zamani: Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha MBA ya watendaji walio kazini mwaka 1943. Ni nzuri kwa anayepanda ngazi palepale alipo. Kwa anayebadili fani ina ugumu wake, kwa sababu mchana bado uko kwenye kazi ya zamani na huna wiki 10 za kuomba ruhusa. Inafanya kazi kama mwajiri wako ni mkubwa kiasi cha kukuhamishia idara nyingine ukiwa bado unasoma. Ombeni hilo mapema, liandikwe.

16. Nataka kusoma ili nibaki kufanya kazi nchi ya kigeni. Muda wa programu unahusika?

Unahusika sana. Marekani, kwa mfano, mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida anatakiwa kumaliza mwaka mzima wa masomo kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yake. Baada ya kuhitimu huruhusiwa miezi 12 ya kazi, na miezi 24 ya nyongeza kama programu imeorodheshwa kwenye kundi la sayansi na teknolojia. MBA kadhaa zimeorodheshwa hivyo, nyingine bado. Hilo ni swali la kumuuliza msajili wa chuo moja kwa moja. Kanuni za viza hubadilika katikati ya masomo, hivyo usijenge mpango wote juu ya nchi moja. Aliye na miaka miwili huweza kukutwa na badiliko akiwa darasani. Aliye na mwaka mmoja hupata muda mfupi wa kujuana na waajiri wa pale.

17. Nataka kuanzisha biashara yangu, si kuajiriwa.

Basi hoja ya swali la 6 inapungua nguvu, na mwaka mmoja unakuachia mtaji. Chagua ndefu tu kama utautumia mwaka wa pili kujenga biashara yenyewe, ukiwa na wenzako wa darasa, walimu na mashindano ya mitaji karibu nawe.

18. Nimekataliwa kwenye ndefu niliyoitaka, nimekubaliwa kwenye fupi. Niende?

Rudi kwenye swali la 5 kana kwamba hujui matokeo. Kama ulihitaji miaka miwili mwezi uliopita, bado unaihitaji. Alama za GMAT na GRE, mitihani ya kuombea nafasi chuoni, hudumu miaka 5, kwa hiyo kuomba tena mwakani hakukurudishi mwanzo, na mwaka huo unaweza kuutumia kupata mradi unaofanana na kazi mpya. Pia usitegemee kwamba utaanza fupi kisha uhamie ndefu: vyuo vichache sana hukubali kuhamisha kredi za MBA.

19. Nikiulize chuo nini kabla ya kulipa?

Omba taarifa yao ya ajira za wahitimu, kisha ulizia yasiyoandikwa mbele. Wangapi walijibu dodoso? Waliopata kazi wanahesabiwa siku ya kuhitimu au miezi 3 baadaye? Katika hao, wangapi walibadili kazi, sekta na nchi, na wangapi walirudi kwa mwajiri wa zamani aliyewalipia ada? Kwenye darasa fupi kundi hili la mwisho linaweza kuwa kubwa na kupandisha asilimia zote.

Halafu omba majina ya wahitimu wawili waliotoka kwenye fani yako. Ukiwapata, waulize walianza lini kutafuta kazi, walituma maombi mangapi, na kwenye usaili walizungumzia nini walipoulizwa, "Umeshawahi kuifanya kazi hii?"